Natafuna, Natafuta

Kazi yangu ni kutafuna.
Huko Puebla, ghorofa ya pili, chumba kisicho na dirisha,
nakaa mbele ya saa ya ukutani na kopo la kutemea,
mimi, Nicanora Poot, meno thelathini na moja,
nalipwa kwa kipande.
Jojo namba saba: nanaa imeingia kwa kishindo,
ikapanda puani, ikatamba,
dakika ya tatu ikaanza kuaga.
Naandika. Natema. Nasukutua kwa maji ya vuguvugu.
Namba nane.

Msinionee wivu.
Utamu ni mgeni wa mlangoni:
sukari huyeyuka ikateremka kooni,
mafuta ya nanaa huifuata nyuma,
anayebaki mdomoni ndiye mwenyeji,
ulimbo wa kiwandani, binamu wa gundi na tairi,
uliolainishwa kwa gliserini,
ukapakwa unga usigande karatasini.
Jojo ya ndizi haina ndizi.
Ni majimaji ya chupa ya kahawia.
Siku chupa ilipopasuka uani
nyuki wa jirani walitoka mzingani wamefura,
maana harufu ile kwao ni mbiu ya vita.
Stroberi yetu haijawahi kuona shamba.
Na watoto tukiwauliza wanataka ladha gani
wanajibu: ya buluu.
Basi tunapika buluu.

Babu Eleuterio hakuijua buluu.
Aliujua msapote, katika misitu ya Quintana Roo,
majira ya mvua, utomvu unapokuwa mwepesi.
Kamba kiunoni, miiba ya chuma viatuni,
panga likichora gomeni njia ya nyoka,
kulia, kushoto, kulia, kushoto,
na maziwa meupe yakaifuata njia, bila pupa,
hadi mfukoni, chini, kwenye mizizi.
Hakukata kwa kina. Mti una moyo, alisema,
ukiufikia umeua.
Mti uliokamuliwa ulipumzishwa miaka sita.
Babu hakupumzishwa hata Jumapili.

Usiku walichemsha, wakakoroga
mpaka mikono ikafa ganzi,
wakamimina kwenye vibao, yakatoka matofali
yenye herufi za mwenyewe, E.P.
Wapo waliotia jiwe ndani, mizani ipate kuinama.
Babu aliapa kwamba yeye hakuwahi.
Kila alipoapa, Bibi Fidelia alikohoa.

Kisha usubi.
Mdudu mdogo kuliko punje ya ufuta
alimuuma sikio la kulia,
na kidonda kikaumung'unya ukingo wake,
mwaka huu kidogo, mwaka ujao kidogo,
kama mtoto na biskuti.
Sokoni uliwatambua wagema wa msapote kwa masikio.
Miji ya mbali ilikuwa ikiwatafuna
na haikujua kilichomo mdomoni.

Krismasi nilimpelekea pakiti.
Namba kumi na tisa, kazi ya mkono wangu, majuma matano:
sukari guru, peari iliyoiva kupita kiasi,
vanila, na moshi, tone moja tu.
Sapote ya Msituni, kasema karatasi.
Akaigeuzageuza kwa ufizi,
akanielekezea sikio lililo zima
kana kwamba ladha husikika.
Dakika ya kwanza, kimya.
Ya pili akasema: Hili ni tunda.
Sisi hatukuuza tunda, Nica.
Ulimbo wetu ulikuwa na ladha ya…
Akalitafuta neno. Akatafuna. Akatafuta.
Bibi akaita, maharage yanapoa.
Akaibandika jojo chini ya kiti.
Asubuhi nilichungulia, haipo;
ilikuwa shavuni mwake, anachambua mahindi.

Jumatatu. Namba ishirini.
Dakika ya nne na nusu, ladha imekwisha.
Naandika: imekwisha.
Saa inatembea. Kinywani kimebaki kile kisicho na jina,
kizito, kimya, kinachorudi kila ninapokibana.
Msimamizi Obdulia amesimama mlangoni na kalamu yake,
anauliza mbona sitemi.